Kaunta ya Vigae Iliyobanduka Upande wa Sinki: Uchambuzi wa Kisa cha Jikoni, Kisumu

Usuli

Kisa hiki ni cha familia moja inayoishi pembezoni mwa jiji la Kisumu, upande wa uwanda wa Kano, kwenye ule udongo mweusi unaofura mvua ndefu zikinyesha na kupasuka kiangazi kikikaza. Majina nimeyabadilisha na alama za kuitambua nyumba nimeziacha nje. Wenye nyumba nitawaita Baba Atieno na Mama Atieno, na kijana aliyefanya kazi nao, mpwa wa Baba Atieno, nitamwita Ouma. Mimi hufundisha vijana kazi za ujenzi, na niliitwa baada ya vigae kuanza kulegea. Niliomba ruhusa ya kuandika kwa sababu kosa lililotokea hapa naliona katika jikoni nyingi za huku, na kila mara watu hulitafutia sababu mahali pengine.

Kaunta za nyumba zetu nyingi si za mbao. Fundi hujenga vijikuta vifupi vya matofali, juu yake humwaga bamba la zege lenye vyuma, kisha hulipiga plasta na kulimalizia kwa niru, yaani saruji tupu iliyokorogwa kwa maji na kusuguliwa kwa mwiko wa chuma hadi inang'aa. Familia huhamia ndani, na kaunta hiyo ya niru hutumika miaka kadhaa kabla pesa ya vigae haijapatikana. Katika miaka hiyo imekaangiwa samaki, imemwagikiwa mafuta na mchuzi, imepanguswa kwa sabuni kila siku. Yote hayo huingia katika saruji.

Kaunta ya Mama Atieno ina umbo la herufi L. Mkono mrefu ni mita 2.4, na ndipo lilipo jiko la gesi. Mkono mfupi ni mita 1.5, una sinki, na uko chini ya dirisha linalotazama magharibi. Kina chake ni sentimita 57 kutoka ukutani hadi ukingoni. Kwenye pembe ambapo mikono miwili inakutana palikuwa na ufa mwembamba, kwa kuwa zege la mikono hiyo halikumwagwa siku moja.

Kwa nini vigae, na kwa nini wafanye wenyewe

Walifikiria mawe ya graniti, wakaona bei na usafiri vimewazidi. Terazo, yaani saruji yenye vipande vya mawe, inahitaji mashine ya kusaga. Vigae vinaweza kununuliwa kidogo kidogo, na vifaa vyake ni mwiko wenye meno, pimamaji, nyundo ya mpira, ndoo, sponji, na mashine ya mkono ya kukata, ambayo maduka ya vifaa hukodisha. Ouma alikuwa amemsaidia fundi wa sakafu mara kadhaa. Uamuzi wa kufanya wenyewe ulikuwa wa busara, na nausema hivyo nikijua mwisho ulivyokuwa. Eneo lenyewe halifiki mita tatu za mraba, na kazi ya ukubwa huo mtu mwangalifu anaiweza.

Uchaguzi wa kigae na mwanya

Mama Atieno alitaka vigae vyeupe vya ukutani, vile vya kung'aa. Baba Atieno alipinga, na hoja yake ilikuwa nzuri: kigae cha ukutani ni chembamba, kinanyonya maji, na king'arisho chake huchubuka sufuria zikiburutwa juu yake. Walikubaliana juu ya porseleni isiyong'aa, sentimita 30 kwa 30, rangi ya kijivu cha jiwe. Porseleni hunyonya maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo haishiki doa la nyanya wala la manjano ya pilau.

Kuna gharama yake. Kwa kuwa hainyonyi, porseleni haishiki kwa uji wa saruji ambao mafundi wengi hupaka mgongoni mwa kigae. Uji ule hutegemea kigae kunywa maji na kuvuta saruji ndani ya vitundu vyake, na porseleni haina vitundu vya kutosha. Inahitaji gundi ya unga yenye polima, yaani kiambato cha plastiki kinachoongeza mshiko. Walilijua hilo, na wakanunua gundi inayofaa.

Juu ya mwanya kati ya kigae na kigae palikuwa na mvutano. Muuzaji aliwaambia wabane vigae bila mwanya wowote. Mama Atieno, anayesukuma chapati kila wikendi, alitaka uso usio na mifereji ya kukamata unga. Ouma alitaka milimita 3 kama sakafuni. Wakaishia milimita 2, kwa kutumia misalaba midogo ya plastiki, na grauti, yaani saruji ya kujazia mianya, laini isiyo na mchanga, ya kijivu iliyokolea. Naona ulikuwa uamuzi bora kuliko yote katika kazi nzima. Vigae havilingani kwa usahihi kamili, na ukivibana tofauti ndogo ya kigae kimoja humsukuma jirani hadi mstari upinde. Chapati zinasukumiwa kwenye kibao, na kibao kinatandikwa juu ya kaunta.

Kazi ilivyoenda: mkono mrefu

Pimamaji lilionyesha kwamba mkono mrefu umeinama kuelekea mlangoni kwa karibu milimita 12. Kufidia mteremko kama huo kwa gundi peke yake ni kosa. Gundi ya kawaida haijaundwa kujazwa unene mkubwa. Hunywea ikikauka na vigae hushuka visivyo sawa. Ouma alichukua tindo na nyundo, akabandua niru pamoja na plasta yote hadi kwenye zege. Walichekecha mchanga wa mto. Kabla ya hapo waliutia kidogo katika chupa ya maji, wakatikisa, wakauacha utulie, wakaona tabaka nene la tope juu yake, basi wakauosha. Walilowesha zege, wakapaka uji wa saruji kwa brashi, na uji ukiwa bado mbichi wakatandaza mota ya saruji moja kwa mchanga tatu, unene wa sentimita 1.5 hadi karibu 3. Walimaliza kwa mwiko wa mbao ili uso ubaki na ukwaruzo. Wakafunika kwa magunia mabichi wiki nzima, kisha wakaiacha ikomae hadi siku 28 zikatimia.

Baada ya hapo walipanga vigae vikavu bila gundi. Kigae kizima kikakaa mbele, ambako jicho linaangukia, na kilichokatwa, cha karibu sentimita 27, kikaenda nyuma ukutani. Kwenye pembe walisogeza mpangilio mzima ili mwanya uangukie juu ya ule ufa, maana kigae kikipita juu ya ufa, ufa ukisogea kigae nacho hupasuka. Ukingo wa mbele waliufunika kwa vipande vilivyokatwa na ukanda wa alumini kwenye kona, kwa sababu porseleni iliyokatwa ni kali kama chupa na Atieno bado anafika kaunta kwa kipaji cha uso.

Gundi walichanganya kidogo kidogo, asubuhi. Ouma, ambaye bado alikuwa na wasiwasi, alikuwa kila baada ya vigae vichache anang'oa kimoja kutazama mgongo wake. Kikionekana na mapengo alipaka gundi nyembamba mgongoni pia, kisha akakirudisha.

Kazi ilivyoenda: mkono mfupi

Mkono mfupi ulikuwa umelala sawa. Pimamaji halikutikisika. Niru yake ilikuwa laini, bila ufa, bila kubonyea. Mama Atieno aliuliza kama hapo napo papigwe tindo, na Ouma akamjibu, "Anti, hapa pamenyooka. Tukipiga tindo tutaharibu tu." Walipasugua kwa maji ya sabuni ya unga, wakapaacha pakauke.

Kazi ya mkono huu ilifanyika Jumamosi alasiri. Wageni wa familia walitarajiwa kesho yake, na sinki ilikuwa imeng'olewa. Jua lilikuwa limeingia dirishani na kupiga bamba moja kwa moja. Ouma alichanganya gundi ndoo moja ya kutosha mkono mzima, akaitandaza yote kwa mwiko wenye meno, kisha akaanza kukata vigae vya kuzunguka shimo la sinki. Kukata huko ndiko kunakochukua muda, hasa vile vya umbo la herufi L vinavyohitaji grainda yenye disiki ya almasi. Hapa hakuna kigae kilichong'olewa kukaguliwa.

Kesho yake walijaza grauti, wakarudisha sinki juu ya vigae, na kuzunguka ukingo wake wakaziba kwa grauti ile ile. Pale kaunta inapokutana na ukuta, mikono yote miwili, wakajaza grauti pia. Wageni walipofika jikoni ilipendeza kweli.

Dalili

Kwa miezi mitatu hivi hapakuwa na neno. Kisha ufa mwembamba kama uzi ukatokea kwenye grauti iliyozunguka sinki, na mwingine kwenye mstari wa ukutani. Mama Atieno alianza kusikia harufu ya uvundo akiinama kuosha vyombo. Rafu ya chipubodi chini ya sinki ikafura. Sungusungu wakawa wanatoka chini ya ukingo wa sinki asubuhi. Siku moja Baba Atieno aliegemea hapo, na kigae kikacheza.

Nilipofika nilianza kwa kugonga kila kigae kwa ncha ya mpini wa bisibisi. Mkono mrefu ulilia sauti moja, nzito na iliyojaa. Mkono mfupi, vigae saba kati ya kumi vilitoa sauti ya debe tupu. Mama Atieno alisimama mlangoni akisikiliza, kisha akasema, "Mwalimu, upande uliokuwa mbaya ndio mzima, na ule uliokuwa mzuri ndio ulioharibika." Hakuna aliyeieleza kazi ile vizuri kuliko yeye.

Kabla ya kubandua kitu niliwauliza kila mmoja anadhani nini. Baba Atieno alilaumu udongo: nyumba inacheza, vigae vinaachia. Jirani alikuwa amewaambia gundi ilikuwa bandia. Ouma alihofia kwamba sinki ndiyo iliyopitisha maji na kuozesha gundi.

Tulichokiona tulipobandua

Kigae kilichoachia husema kimeachia wapi, ukikitazama mgongoni na ukatazama pale kilipokuwa.

Vigae vya karibu na sinki vilitoka na gundi yote mgongoni mwake. Nyuma ya gundi hiyo palikuwa na ngozi nyembamba ya kijivu, laini kama karatasi ya kufunikia vitabu: niru. Kwenye bamba palibaki plasta yenye madoa ya mafuta. Hapo gundi ilishika kigae barabara, nayo ikashika niru, ila niru yenyewe haikushika plasta iliyo chini yake. Kiungo kilikuwa na nguvu kila mahali isipokuwa pale ambapo hakuna aliyeangalia.

Vigae vya chini ya dirisha vilieleza habari nyingine. Vilitoka migongo mitupu, karibu safi. Gundi ilibaki kwenye bamba, na mistari ya meno ya mwiko ilikuwa imesimama wima kama ilivyotandazwa, bila kulala. Kigae kilikuwa kimewekwa juu ya gundi iliyokwisha fanya ukoko. Gundi za namna hii hukaa wazi kwa dakika 20 hivi katika hali ya kawaida, na muda huo hupungua sana juu ya bamba lililopigwa na jua la alasiri la Kisumu. Mtu akiigusa kwa kidole na kidole kikatoka kikavu, imekwisha. Hata ukikigonga kigae kwa nyundo ya mpira namna gani, hakitashika.

Dhana ya gundi bandia ilianguka yenyewe, kwa sababu mifuko ilinunuliwa pamoja na mkono mrefu ulikuwa imara. Udongo ulikuwa na sehemu yake, lakini si ile aliyodhani Baba Atieno. Nyumba ikicheza kidogo, hupasua mahali ambapo vitu viwili tofauti vinakutana, na ndipo tulipoona nyufa: ukutani na kuzunguka sinki. Haiwezi kubandua vigae saba upande mmoja na kuacha vyote vya upande mwingine. Na maji ya Ouma yalikuwepo kweli. Yalijaa katika mapengo, yakaleta uvundo na sungusungu, yakafurisha chipubodi. Lakini yaliingia mahali ambapo tayari palikuwa wazi.

Marekebisho

Walikuwa na njia mbili: kubandika upya vile saba vilivyolegea, au kubandua vyote kumi. Niliwashauri vyote, kwa kuwa vile vitatu vilikuwa vimelala juu ya niru ile ile. Baba Atieno alisita kwa ajili ya gharama. Kilichomshawishi ni kwamba walikuwa wamenunua ziada ya asilimia kumi hapo mwanzo, na vigae vyenye migongo safi vingeweza kurudishwa bila kununua vipya.

Niru na plasta vilitolewa hadi kwenye zege, kwa tindo lililoinamishwa na mapigo mepesi, kwani pembeni mwa shimo la sinki bamba ni jembamba na pigo zito lingelipasua. Ouma alivaa miwani na barakoa. Vumbi la zege na la porseleni lina silika, na huumiza mapafu polepole bila kutoa ilani. Zege lilioshwa kwa magadi soda kuondoa mafuta, likasuuzwa mara kadhaa. Kisha tulinyunyiza matone ya maji. Yalipozama yakaacha doa jeusi tulijua uso uko tayari. Sehemu moja yalisimama kama shanga, tukarudia kuiosha.

Walirudisha mota kama walivyofanya mkono mrefu, wakaisubiri ikomae. Mama Atieno aliosha vyombo kwa beseni nje muda wote huo, na hilo lilikuwa zito kwake kuliko gharama. Kisha walipaka tabaka mbili za dawa ya saruji ya kuzuia maji, kuzunguka shimo la sinki na ndani ya mdomo wake. Vigae vilikatwa vyote kabla gundi haijaguswa. Pazia lilifungwa, kazi ikaanza asubuhi, na gundi ikatandazwa ya kutosha kigae kimoja au viwili. Kila mgongo ulipakwa. Kimoja kiking'olewa kilikuwa kimejaa gundi hadi pembeni. Penye maji kama kando ya sinki, inayotakiwa ni asilimia 95 ya mgongo.

Grauti iliwekwa siku iliyofuata, na baada ya siku tatu ikapakwa dawa ya kuziba vinyweleo. Kwenye ukingo wa sinki na mstari wote wa ukutani grauti ya zamani ilikwanguliwa na mahali pake pakajazwa silikoni inayovutika, ya kuzuia ukungu.

Hali ilivyo

Mvua ndefu zimepita na kiangazi kimepita. Mikono yote miwili ikigongwa inatoa sauti moja. Silikoni ya ukutani ilivutika upande wa pembe udongo ulipokauka, ikaachia kama urefu wa kidole. Mama Atieno aliikata kwa wembe, akapangusa, akajaza upya mwenyewe. Rafu ya chipubodi ilitupwa na kuwekwa ya mbao.

Doa moja limebaki: grauti karibu na jiko imefifia mahali anapokamulia ndimu. Tindikali ya ndimu na ya siki hula grauti ya saruji hata ikiwa imepakwa dawa. Grauti ya epoksi ingestahimili, ila ni ghali na hukauka haraka mikononi mwa asiyeizoea. Sikuwashauri waitumie, na ningeshauri vivyo hivyo leo.

Uchambuzi

Mkono mrefu ulinusurika kwa kuwa kasoro yake ilionekana. Mteremko uliwalazimisha kubandua niru, na kubandua niru ndiko kulikookoa vigae, ingawa wakati ule hawakukusudia hivyo. Kwenye mkono mfupi, pimamaji lilijibu swali moja tu, kama uso umelala sawa. Lile la pili, kama uso unaweza kubeba kigae, halikuulizwa. Nawaona wanafunzi wangu wakifanya vivyo hivyo.

Nikipima sababu, niru naiweka mbele. Gundi iliyokauka ingelegeza vigae vichache vya chini ya dirisha; niru ingebandua mkono wote hata kama Ouma angefanya kazi asubuhi kwa utulivu. Niseme pia kwamba gundi yenye polima inaweza kushika zege laini lililo safi na zima. Kwa hiyo siamini kwamba kila uso laini lazima upigwe tindo. Lakini niru ya jikoni iliyotumika miaka si safi wala si nzima, na sijaona sabuni inayoirudisha.

Haraka ya wageni ilikuwa na uzito wake. Ouma alijua kukagua migongo ya vigae. Alikuwa amefanya hivyo mkono mrefu. Aliacha kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda na mkono wa kwanza ulimpa imani. Kwa mtu anayejifanyia, mahali pa sinki pasiguswe wikendi yenye wageni, kwani ndipo penye makato mengi na ndipo familia inapotaka maji yarudi upesi.

Kosa la grauti kwenye ukingo wa sinki na ukutani lingejitokeza hata kama vigae vyote vingeshika. Bati la sinki hutanuka kwa maji moto kuliko kigae, na ukuta kwenye udongo wa Kano haukai mahali pamoja mwaka mzima. Grauti haivutiki. Silikoni ya mstari mzima wa jikoni ile haikuzidi mirija miwili.

Nani angebandua niru yote tangu mwanzo? Kwa kaunta ya ukubwa huu, mimi ningeibandua. Anayeona kazi hiyo ni nyingi aanze kwa kukwaruza niru kwa ncha ya msumari sehemu tano au sita, hasa karibu na sinki na jiko, na kunyunyiza matone ya maji hapo hapo. Msumari ukiinua magamba, au tone likasimama bila kuzama, achukue tindo.